Karatasi Niliyoibandika kwenye Mbegu ya Mama Mkwe

Niliolewa kijiji cha Yakobi, Njombe, nikitokea Mawengi kule Ludewa, na hata leo, baada ya miaka kumi na moja na watoto watatu, ukweni bado wananiita "huyo wa Ludewa", utadhani nimekuja kusalimia nikachelewa kuondoka. Sijali. Sisi Wapangwa tuna midomo, na wangu umepita kiasi; mama yangu mzazi anasema nilipozaliwa sikulia, nilianza kubisha. Mdomo huohuo ndio ulionifanya, mwaka juzi, nitende kosa sokoni Makambako mbele ya watu. Nalieleza mwenyewe kwa sababu shemeji zangu wanalisimulia vibaya kila Krismasi, na wanatia chumvi pasipohitaji chumvi.

Niliyemkosea ni mama mkwe wangu. Ni mwanamke mfupi, mkavu, Mlutheri wa kiti cha mbele, magoti yake yanamuuma kila ukungu ukishuka, na kwetu Njombe ukungu hauna siku ya mapumziko. Ana jiko lake nyuma ya nyumba kubwa, la tofali za kuchoma, na juu ya mafiga yake yananing'inia mahindi ya mbegu, mawili mawili, yamefungwa ganda kwa ganda, meusi kwa moshi. Hayo hayaguswi. Unaweza kuchukua sukari yake bila kuomba, unaweza hata kuvaa kanga yake mpya ukaenda nayo msibani, atanuna siku moja tu. Mahindi yale hata mwanawe wa kumzaa hayagusi.

Ni mahindi ya zamani. Gunzi ni fupi, punje nyeupe na ngumu, na hapa na pale imekaa punje moja ya zambarau kama jino bovu. Kila mwaka anayachagua shambani yakiwa bado yamesimama, anafunga uzi kwenye bua alilolipenda. Akiyapukuchua hatumii fimbo, anatumia kidole gumba. Punje za nchani zinakwenda kwa kuku, za chini kwenye shina la gunzi zinakwenda chunguni, na za katikati peke yake ndizo zinazoitwa mbegu. Kisha anazitia kirobani pamoja na majivu ya mafiga na pilipili kichaa iliyotwangwa, fukusi asisogee. Ukizungumza karibu na kiroba kile unakohoa.

Kazi kubwa kuliko zote ni kuizuia isichanganyike na mahindi ya dukani. Majirani wote siku hizi wanapanda mbegu za pakiti, zile zilizopakwa dawa ya pinki, na zikichanua pamoja na za kwake, chavua inaruka na upepo na kuharibu kila kitu. Kwa hiyo mama mkwe hapandi mpaka ajue jirani amepanda lini, halafu anaacha wiki tatu zipite. Anayetumwa kupeleleza ni mimi. Mvua ya kwanza ikidondoka naambiwa nikamsalimie jirani wa juu, naye ananikaribisha chai, nanywa chai huku nachungulia shamba lake dirishani. Nimekunywa chai nyingi sana kwa ajili ya mahindi yale.

Na kuna sharti moja ambalo halikuandikwa popote. Mbegu hailiwi. Pale Yakobi ukitaka kumaliza ukoo wa mtu kwa maneno mawili, sema walikula mbegu. Mwizi anaweza kutubu kanisani akapewa mkono, lakini nyumba iliyokula mbegu inasemwa hata na wajukuu.

Basi, mwaka mmoja kabla ya kisa changu, mvua ya mawe ilipiga. Haikuchukua hata nusu saa. Mama mkwe alisimama mlangoni akiangalia shamba lake likilazwa, nami nilikuwa nyuma yake. Katika shamba zima tulipata mahindi mazuri ya kujaa ungo mmoja. Jioni ile alihesabu kwa vidole nyumba ambazo bado zina mahindi yale. Zilikuwa mbili. Ya kwake, na ya bibi mmoja upande wa Kidugala, na huyo bibi wanawe walikuwa wameshampandia miti ya mbao kwenye shamba lote.

"Nikifa, na mawe yakanyesha mwaka huohuo, imekwisha," alisema, huku anamenya viazi, kwa sauti ya mtu anayesema chumvi imekwisha.

Tangu siku hiyo hakutulia. Alitaka mbegu yake iingie katika nyumba nyingine, nyingi, zilizo mbalimbali, kabla magoti hayajamlaza. Hilo ndilo alilolitaka kwa Mungu na kwa wanadamu. Ungo ule ulipopandwa ukazaa, alianza kwa kuwagawia majirani bure, wakashukuru, wakainama, na Jumapili iliyofuata akawasikia nje ya kanisa wakisifiana jinsi mahindi yale yanavyoiva vizuri kwenye makande. Alikaa wiki nzima hasalimii mtu. Akaamua kwamba mbegu itauzwa, tena kwa watu wa mbali, maana mtu akishatoa chake mfukoni ataipanda kwa hasira tu, aone faida yake.

Wakati huohuo kikundi chetu cha akina mama kilitakiwa kupeleka mtu mmoja kwenye semina Njombe mjini. Walinichagua mimi. Hawakusema sababu, lakini mwenyekiti alisema aende anayeweza kuuliza maswali bila aibu, na wote wakanigeukia.

Semina ilikuwa ya usalama wa chakula na mbegu. Mtaalamu alikuwa kijana msafi, shati limenyooka, na picha zake anazirusha ukutani. Alianza na sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi isiyoonekana, akatuonyesha picha za maini ya watu mpaka nikaweka chini andazi langu. Hilo lilinishika, sina utani nalo. Nilirudi nikaanua mahindi yote ya watoto wangu nikayaanika upya. Kisha akaja kwenye sheria. Alisema mbegu inayouzwa lazima iwe imekaguliwa, imepimwa, ina lebo, na asiye na lebo akiuza ana kosa. Ukumbi ukanuna. Karibu kila mwanamke mle ndani alikuwa na kikapu cha mbegu nyumbani, na wote ghafla tukaanza kutazama viatu vyetu.

Halafu ikaja habari ya GMO, mbegu zilizobadilishwa vinasaba, na hapo usingizi ukaisha. Mzee mmoja alisimama, akauliza kama ni kweli anayekula mahindi hayo haoti ndevu. Mtaalamu akasema hapana, si kweli, na tena mbegu hizo haziruhusiwi kuuzwa hapa nchini, kwa hiyo hakuna aliyezila. Mzee akajishika kidevu, na kilikuwa kitupu kabisa, akasema sawa, lakini nyumbani ataendelea kumwambia mke wake kwamba ni hizo. Tulicheka mpaka soda zikamwagika.

Swali lililofuata halikuchekesha. Mama mmoja mkulima wa viazi, mkubwa kuliko mimi, alisema yeye hana ndevu za kupoteza. Anachotaka kujua ni hiki: siku mbegu hizo zikiruhusiwa, jirani akazipanda, upepo ukaleta chavua shambani kwake, mahindi yatakayotoka yatakuwa ya nani? Na akiyatunza ayapande mwaka unaofuata, nani atakuja kumwambia ameiba? Mtaalamu alivua miwani, akaipangusa, akasema hilo ni swali zuri. Nilishasoma shule, najua mwalimu akisema swali ni zuri maana yake nini. Nililiandika daftarini nikalipigia mistari miwili.

Nilirudi Yakobi na cheti, kofia, na kalamu nene ya makapeni ambayo kwa kweli ilikuwa mali ya semina. Kichwa kilikuwa kimevimba. Nikamweleza mama mkwe yote, mguu kwa mguu, anakwenda kuchota maji namfuata, anakwenda kuchuma mboga namfuata. Alisikiliza, kisha akauliza kama walifundisha namna ya kuzuia mvua ya mawe. Nikasema hapana. Akasema basi Ijumaa tunakwenda Makambako kuuza mbegu.

Nikamkumbusha kwamba sheria inakataza. Akaniuliza bibi yake aliyempa mamaye alikuwa na lebo gani. Ukibishana na mwanamke yule unajichosha, na magoti yanamuuma yeye lakini unayekaa chini ni wewe.

Hapo ndipo akili yangu ya Ludewa ikafanya kazi. Nilijiambia hivi: sheria inakataza kuuza mbegu, haikatazi kuuza chakula. Mahindi ni chakula. Mnunuzi akifika nyumbani akayapanda, hayo ni mambo yake na shamba lake. Basi Alhamisi nikafunga sehemu ya mbegu ya viroba vyetu viwili kwenye vifuko vya khaki, nikakata karatasi, na kwa ile makapeni nikaandika kila moja kwa herufi kubwa MAHINDI YA CHAKULA, nikabandika. Mama mkwe alinikuta, akauliza ninaandika nini. Miwani yake ilikuwa imevunjika mkono tangu Pasaka na alikuwa anaivaa kanisani tu. Nikamwambia naandika jina la mahindi. Akasema vizuri, watu wajue.

Jamani, nilijiona mjanja. Nililala nacheka.

Makambako ni mji wa njia panda. Kila anayekwenda popote lazima apite pale, na mama mkwe alikuwa ameuchagua kwa sababu hiyo. Tulitandika kiroba kati ya marundo ya viazi na mama ntilie mmoja mwenye sufuria tatu na sauti ya kuita wateja tangu ng'ambo ya barabara. Vifuko nikavipanga. Akina mama wakaanza kuja, wakichota, wakitafuna punje moja kuonja ugumu, wakisoma karatasi, kisha wananitazama. Nami nawakonyeza, nawaambia hiki ni chakula, mama, ukikiangusha shambani kikaota usije ukanisema. Wakacheka, wakaelewa, wakanunua. Mmoja akataka kuhakikisha si ya GMO. Nikamwambia anuse. Alinusa, akapiga chafya, akasema ameridhika.

Mama mkwe alikuwa na furaha ambayo sijawahi kumwona nayo nje ya ubatizo. Kila anayenunua alimuuliza anatoka wapi. Huyu Ilembula, yule Mafinga, yule Wanging'ombe. Aliyarudia majina ya mahali kwa sauti ya chini, na kila akitaja moja aliachia pumzi.

Kabla ya saa sita akatokea bwana afya. Alikuwa na koti jeupe, daftari, na kidude cha kupimia unyevu wa nafaka, na alikuwa akipita kwa wauza mahindi wote kutafuta yaliyoota ukungu. Alikuwa mpole, anasalimia kila mtu kwa shikamoo na habari za kazi, na mimi watu wa ofisi wapole ndio ninaowaogopa. Alifika kwetu, akasoma karatasi yangu, akafungua kifuko, akamwaga punje kiganjani na kuzisogeza karibu na uso.

Alipiga chafya tatu mfululizo. Machozi yakamtoka.

Alipopata sauti aliniuliza kama hiki ni chakula. Nikasema ni chakula. Akauliza majivu haya ni ya nini. Nikasema sisi watu wa huku juu tunayapenda, yanatuliza tumbo. Na masizi? Nikasema hiyo ni ladha ya moshi, kama samaki. Na pilipili? Nikasema inapunguza kazi, hutii tena nyingine jikoni. Watu wakaanza kukusanyika, maana Makambako hawana dogo. Kila nilivyosema ndivyo nilivyozidi kujisikia nimepatia, na nilishaanza kueleza namna tunavyopika kwa harusi.

Yule bwana hakuwa mjinga. Niliona pembe za mdomo wake zinacheza. Alifunga daftari, akasema kwamba kwa kawaida nafaka iliyochanganywa na majivu na masizi ikiuzwa kama chakula anaichukua na kuiteketeza yote, kiroba kwa kiroba. Lakini yeye ni mtu wa kuja, hajui vyakula vyote vya nyanda hizi, na hapendi kumwonea mtu kwa ugeni wake. Basi tufanye hivi: mama ntilie aoshe bakuli moja ya mahindi haya, ayatie kwenye maharage yake yanayochemka, na sisi wawili tukae na yeye tule. Tukila, ataandika kwamba ni chakula cha wenyeji, na atakwenda zake.

Mama ntilie alifurahi kuliko aliyeshinda bahati nasibu. Alichota bakuli, akaanza kuosha.

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu anafunga kiroba cha pili na hakuwa amefuatilia maneno. Aliniuliza mtu wa koti anataka nini. Nikamwambia polepole kwamba anataka tuonje kidogo. Akauliza tuonje nini. Kabla sijajibu, mama ntilie, ambaye hakuwa na nia mbaya hata chembe, akamsomea karatasi yangu kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya barabara: mahindi ya chakula, bibi, imeandikwa hapa.

Mama mkwe alichukua kifuko, akakisogeza machoni, akakiweka mbali, akakisogeza tena. Kisha akanitazama. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Bado nikajaribu. Nikamsogelea, nikamwambia ni bakuli moja tu, mama, tule tujikaze, na viroba vyote viwili vinapona, na vitafika Mafinga na Ilembula na kote unakotaka. Mpaka leo naamini hesabu yangu ilikuwa sahihi. Mtu yeyote mwenye akili zake angekula.

Yeye aliinuka. Alishika goti moja, akashika la pili, akatembea hadi jikoni kwa mama ntilie, ambaye alikuwa ameshainua bakuli juu ya sufuria, na akamwondolea bakuli mkononi taratibu tu, kama unavyomwondolea mtoto kisu.

"Hii si chakula," akasema. "Ni mbegu. Huyu mkamwana wangu ndiye aliyeandika, lakini mbegu ni yangu na ninayeuza ni mimi. Andika hivyo."

Nilijua ameshakiri kosa kubwa zaidi mbele ya mtu mwenye kalamu.

Bwana afya alifungua daftari lake, akalifunga, akalifungua tena. Alijikuna shingo. Mwishowe akasema kazi yake ni vitu vinavyoingia mdomoni. Kama mwenye mali ametamka mbele ya watu kwamba si chakula, basi yeye hana mamlaka ya kuiteketeza kama chakula. Mambo ya mbegu yana mkaguzi wake, ana ofisi yake, na Ijumaa mchana hawezi kumpata. Ila amesikia kwa masikio yake, kwa hiyo hataki kuona punje nyingine ikiuzwa pale. Akachukua kalamu yake, akaanza kukata karatasi zangu moja moja na kuandika juu yake SI CHAKULA. Alipofika kifuko cha saba alichoka, akaacha. Aliondoka akiwa bado anapangusa pua.

Mimi nilianza kukunja. Nilikuwa na hasira na koti lake jeupe, na semina, na makapeni, na zaidi ya yote na mimi mwenyewe. Kiroba kimoja na robo tatu kilikuwa kimebaki, na mwakani huenda magoti yasimfikishe tena Makambako. Mama mkwe hakukunja chochote. Alirudi akaketi, akaniambia nimkimbilie yule bwana nikamuulize kama kugawa nako kumekatazwa. Nilimkuta kwa muuza karanga. Alijibu bila kugeuka kwamba yeye ameongelea kuuza.

Nikajua anachokiogopa mama mkwe. Akigawa bure, wataipika. Nilimwona amekaa, ameshika mdomo wa kiroba kwa mikono miwili, anawaza. Kisha akawaambia akina mama waliokuwa bado wamesimama kwamba mbegu haiuzwi tena, inatolewa, lakini haitolewi kwa kila mtu. Atauliza maswali.

Ebo, wacha wee! Wakati ilipokuwa inauzwa walikuja wawili watatu. Waliposikia kuna wanaokataliwa, wakapanga foleni. Mama mkwe aliwahoji mmoja mmoja kama mchungaji anayewapima vipaimara. Shamba lako liko wapi. Jirani yako wa upande wa upepo anapanda nini, na anapanda lini. Utachagua punje za wapi kwenye gunzi. Moshi unao? Mwanamke mmoja aliyevaa vizuri, mkoba wa ngozi, alikiri kwamba anapikia gesi na hana mafiga. Mama mkwe alimpa pole ya dhati, kama mtu aliyefiwa, akamwambia apishe wengine. Mwingine hakujua jirani yake anapanda lini. Akaambiwa arudi akanywe chai kwa jirani kwanza. Yule wa tatu alijibu yote, tena akaongeza kwamba yeye huning'iniza ganda kwa ganda, na mama mkwe akampa konzi tatu za mbegu na kumshika mkono muda mrefu.

Mama ntilie naye alijipanga. Alikataliwa bila swali. Alilalamika sana, akasema ana shamba, ana mafiga, ana moshi kuliko wote pale, ambalo lilikuwa kweli. Mama mkwe alimwambia ajipange tena mwisho, mikono ikishakauka. Alijipanga tena, akapewa.

Foleni iliisha jua likiwa limeinama. Kiroba kilikuwa kimebaki na konzi moja chini. Tangu aliposoma karatasi, mama mkwe hakuwa amenisemesha ila kunituma kwa yule bwana. Mimi nikanyoosha kiganja changu mbele yake, kwa utani, nimchekeshe, ili tuanze kuongea.

Hakucheka. Aliniuliza shamba langu liko wapi. Nikasema Yakobi, mama, ni lako. Akauliza jirani wa upande wa upepo anapanda lini, nikamjibu mpaka na jina la duka anakonunua pakiti zake. Akauliza punje za wapi. Akauliza moshi. Nilijibu yote bila kusita, kuliko mtu yeyote aliyesimama pale siku ile. Kisha akaniuliza swali ambalo hakumuuliza mwingine.

"Njaa ikiingia nyumbani, utaipika?"

Jibu la kufaulu nililijua, kila mtu Yakobi analijua. Lakini nilikuwa nimeshasema uongo mwingi kwa siku moja, na nilimfikiria mwanangu wa mwisho, anavyolia akichelewa uji.

"Watoto wakilia, nitaipika, mama."

Nikasubiri anirudishie mkono wangu. Alinishika kiganja, akamimina konzi ile yote, akavifunga vidole vyangu kwa vyake.

"Mimi niliipika," akasema kwa sauti ya chini, mama ntilie asisikie. "Mume wako alikuwa ananyonya na maziwa yalikuwa yamekauka. Niliipika yote, hata punje moja sikubakiza. Mvua zilipokuja nikatembea siku mbili kuomba nyingine kwa mwanamke nisiyemjua. Kama na yeye angekuwa ameipika, ingekwisha siku hiyo."

Nilikaa chini. Ilibidi niulize, siwezi kujizuia hata nikiwa nalia, kama ni hivyo kwa nini alikataa bakuli moja.

"Siku ile nilikuwa na njaa," akasema. "Leo yule bwana alikuwa ameshakunywa chai."

Nikaifunga ile konzi kwenye ncha ya kanga, nikakaza fundo kwa meno, kisha nikampa mkono ainuke.